Matendo Matatu ya Rozari kwa Picha Moja

Enzi zetu giza lilikuwa giza kweli. Nasema na ninyi wenzangu mliokulia Umatengo kabla ya nguzo za umeme, maana vijana nikiwaeleza wanadhani natia chumvi. Jua likishazama, mkono wako mwenyewe ulikuwa huuoni mpaka usogee jikoni. Kibatari kimoja kilihudumia nyumba nzima, na kilikaa walipokaa wakubwa. Ukitumwa chumvi chumba cha pili ulikwenda kwa kupapasa, ukiimba wimbo wa shule ili ujipe moyo, na ukirudi na magadi badala ya chumvi ulirudishwa hukohuko. Watoto wa leo umeme ukikatika dakika kumi wanaomboleza kama wamefiwa, ilhali kila mmoja ana tochi kwenye simu.

Sisi giza tulilizoea tu, lakini mtu aliyelipenda namjua mmoja. Ni baba yangu mdogo, Otmari, aliyemfuata baba yangu kwa kuzaliwa, ambaye alikuwa mpiga picha hapo Mbinga mjini. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na ukutani lilining'inia pazia lililochorwa maua, maporomoko ya maji na ngazi isiyokwenda popote. Watu walikuja wamejipaka mafuta mpaka wanang'aa, wakasimama mbele ya ile ngazi wamekakamaa, mkono mmoja begani kwa mwenzake na mwingine juu ya redio ya studio, redio ambayo tangu niijue haikuwahi kuwa na betri. Picha za kipaimara, za harusi na za kitambulisho ndizo zilizomlisha. Lakini katika kila mkanda wa picha thelathini na sita alibakiza nne au tano za mwisho, akasema hizo ni zake. Na za kwake alizipiga usiku.

Kwa ambaye hakuwahi kushika kamera ya mkanda, ngoja nieleze kidogo. Kamera ile ilikuwa na kigurudumu cha kuchagua mwendo wa mlango wa lensi. Mchana mlango hufunguka na kufunga kabla hujapepesa jicho. Lakini kwenye kigurudumu kulikuwa na herufi B, na ukiiweka hapo, mlango unabaki wazi muda wote ambao kidole chako kimebonyeza. Baba mdogo aliifunga kamera juu ya miguu mitatu ya mianzi aliyomtengenezesha seremala, akachomeka waya wa kufyatulia ili asiitikise, akabonyeza, akatulia. Ule mwanga mdogo ambao jicho letu haliushughulikii ulikuwa unaingia na kujikusanya kwenye mkanda, kama manyunyu yanavyojaza pipa. Ukiwa na subira, pipa linajaa.

Picha zile zilitushangaza kuliko sinema. Mashamba yetu ya ngolo, yale mashimo yaliyopangwa mlimani mraba kwa mraba, akiyapiga wakati wa mwezi mpevu yalitoka kama mchana, kila shimo na kivuli chake, ila juu ya mlima kuna nyota. Nyota zenyewe zikiachwa muda mrefu zilijivuta zikawa vistari, zote zikipinda upande mmoja. Na mtu aliyepita mbele ya kamera akitembea hakuonekana kabisa. Siku moja mimi na kaka yangu Oswini tulikimbizana mbele ya lensi makusudi, tukangoja picha kwa wiki tatu, na ilipotoka hatukuwemo. Oswini alitaka kulia. Baba mdogo alituambia kwamba picha ya mchana inakuonyesha kitu, lakini ya usiku inakuonyesha muda uliokaa na hicho kitu, na mwenye haraka haingii humo.

Sasa huo muda aliupimaje? Hapo ndipo tulipoingia sisi. Saa yake ya mkononi haikusomeka gizani, na kuwasha kiberiti karibu na kamera ilikuwa ni kuharibu kazi. Kwa hiyo alipima kwa Rozari. Tendo moja, yaani Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi na Atukuzwe, likisaliwa bila kukimbia, ni kama dakika tatu. Mlima wa ngolo kwenye mbalamwezi ulitaka tendo moja. Nyota za kujivuta zilitaka Rozari nzima. Watoto tulisali kwa sauti, yeye akabonyeza waya na kusikiliza. Bibi yetu aliposikia habari hiyo alikuja juu, akasema Mama Maria si saa ya ukutani. Lakini alipoona wajukuu waliokuwa wakisinzia kwenye sala ya nyumbani sasa wanaomba wenyewe kwenda kusali nje kwenye baridi, alinyamaza, akawa anatufungia viazi vya kuchoma kwenye kitambaa.

Mara moja baba mdogo alishuka hadi Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kupiga harusi, na jioni akataka picha ya ufukwe. Watoto wa pale walikuwa Waanglikana, Rozari hawaijui, basi akawapa Zaburi ya ishirini na tatu waisome mara sita. Picha zikatoka na giza. Kwa miaka alikuwa akisema kwamba watu wa ziwani husali kama wanaokimbilia ugali, na rafiki zake wa ziwani wakamjibu kwamba Mungu wao hahitaji kuambiwa jambo moja mara hamsini.

Likizo ya mwezi wa sita tulikuwa tunapelekwa kwa bibi, Kingerikiti. Mnaikumbuka likizo ile? Kahawa imeiva, vidole vinanata utomvu mtamu wa maganda, na ua mzima unanuka mbegu zilizolowekwa. Asubuhi tulichuma, mchana tulikaa kwenye vichanja kuchambua mbegu mbovu, na bibi alikuwa na macho ya mwewe, mbegu moja iliyovunjika ikipita alijua ni ya nani. Tukiachiwa tuliteleza mlimani juu ya magome ya migomba mpaka kaptura za wavulana zikatoboka, au tukajificha ndani ya mashimo ya ngolo tukicheza kombolela, na bibi akitupigia kelele kwamba shimo lile ni la maji na majani, si la watoto. Jioni ni ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka vichwa vinalia mdomoni. Siku hizi namwona mtoto anatoa kichwa cha usipa na kukiweka pembeni ya sahani, nami najizuia kusema.

Kutoka kwa bibi, ukipanda kilima cha mwisho, ardhi inakatika ghafla na chini kabisa ni ziwa. Baba mdogo alichungia mbuzi pale akiwa mtoto. Nyakati za giza la mwezi, wavuvi walipotoka na karabai zao kutafuta usipa, alikuwa anachelewa makusudi kuwarudisha mbuzi ili azione taa zikiondoka ufukweni moja moja, zikienda kujipanga majini. Alichapwa kwa ajili hiyo, mara nyingi. Alipokuwa mtu mzima na kamera yake, picha moja tu ndiyo aliyoitaka kuliko zote: ziwa lile kutoka kilimani pale, na njia ya kila taa tangu inatoka mchangani mpaka inapotulia. Alishaijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ukungu ulipanda. Mara ya pili alipata, lakini fundi wa kusafisha picha kule Songea aliona negativu karibu tupu akadhani imeharibika, hakuichapa, na akaikata vibaya. Tangu siku hiyo baba mdogo aliandika juu ya kila bahasha kwa herufi kubwa: SAFISHA ZOTE, HATA ZENYE GIZA.

Kabla ya mkasa huo alikuwa akisafisha mwenyewe, kwenye chumba chake cha giza chenye taa nyekundu. Ghafla akaacha. Tulidhani ni uvivu. Kisha akaanza kujikwaa. Jioni moja alimpita mama yangu mlangoni bila kumsalimia, na Jumapili moja baada ya misa alimshika mkono mtu asiyemjua akimwita jina la rafiki yake. Nilikuwa darasa la tano wakati huo. Nilikuwa napepeta mchele upande wa pili wa ukuta nikamsikia akimweleza baba yangu majibu ya hospitali. Daktari alimwambia macho yake yanakufa kuanzia pembeni kuja katikati, na kinachotangulia kuondoka ni usiku. Baba akamuuliza ni tangu lini haoni usiku. Akajibu kwamba nyota hajaziona kwa miaka miwili.

Nikauweka ungo chini. Miaka miwili hiyo yote tulikuwa tukimfuata milimani na kamera yake. Nikaelewa kwa nini kila mara alituuliza, Gaudensia, taa ngapi? Oswini, mwezi umefika juu ya mti gani? Nilidhani anatufundisha. Kumbe alikuwa anapiga kwa macho yetu.

Kwa hiyo mwezi wa sita ule, tulipokwenda Kingerikiti, wote tulijua kwamba picha ya ziwa ikipatikana ni sasa. Daktari alimwambia hata kuona mchana hakumalizi mwaka. Mkandani ilikuwa imebaki picha moja, ya thelathini na sita, na mkanda mwingine ulikuwa mpaka mtu aende Songea. Akangoja usiku usio na mwezi. Siku ilipofika, mbingu zilitakata tangu saa kumi jioni, na saa moja na nusu usiku tulikuwa kilimani, tumevaa masweta mawili mawili. Hesabu yake ilikuwa matendo matatu. Mawili yangeacha ziwa gizani, manne yangezichanganya njia za taa.

Akatugawia kazi. Oswini aongoze Rozari. Mimi nikae njiani, hatua kama arobaini kutoka kwenye kamera, pale njia ya kutoka ziwani inapopanda, na yeyote atakayekuja na taa nimsalimie vizuri na kumwomba asubiri kidogo. Aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa na adabu ya kusema na wakubwa, na nilivimba kichwa. Nikamweleza taa zilivyo, akaisogeza kamera kidogo kushoto, akaniuliza tena, akabonyeza. Oswini akaanza.

Nikakimbilia nafasi yangu, nikakaa pale njiani tendo la kwanza lote. Baridi ya Kingerikiti mwezi wa sita mnaijua, inaingia kwenye mifupa. Tendo la pili lilipoanza, nikasikia kitambaa cha viazi kinafunguliwa, na harufu ikanifikia. Njia ilikuwa tupu, sikusikia hatua ya mtu. Nikajisemea nitachukua kimoja na kurudi. Nilikwenda, nikakuta koti la baba mdogo limefunguka upande, nikaingia chini yake na kiazi changu cha moto, na sikurudi.

Aliyekuja ni Mzee Kasiani. Alikuwa katekista wa kigango chetu kwa miaka mingi, amestaafu, mtu mrefu mwenye koti refu la kijivu na chemli mkononi, akitoka kumwona dada yake bondeni. Alipokaribia akasikia watoto wanasali Rozari gizani, nje, kwenye baridi, bila kulazimishwa na mtu. Mwalimu wa dini aliyehangaika maisha yake yote na watoto wanaosinzia kanisani, ungetegemea afanye nini? Akaja mpaka mbele yetu. Akaiweka chemli juu ya jiwe, akavua kofia, akafumba mikono, akasimama wima katikati ya lensi na ziwa, akaipokea sala mdomoni mwa Oswini.

Mzee anapoongoza sala humwambii asogee. Hata leo, na umri huu wangu, sijui ningemwambiaje. Alisali taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayepima unga. Tendo la tatu likaisha, akaingia la nne. Likaisha, akaingia la tano. Kisha Salamu Malkia. Kisha akaanza Litania, na sisi tunaitikia utuombee, utuombee, meno yanagongana, huku ile chemli inawaka mbele ya kamera iliyo wazi. Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa anaitikia na sisi. Kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza waya.

Baada ya amina ya mwisho tukasikia mlango wa lensi unafunga. Mzee Kasiani akaokota chemli yake, tukamwamkia, akatuuliza habari za bibi, za kahawa, za baba yetu, za shule. Akamshika baba mdogo mkono, akamwambia hajawahi kuona mtu anayelea watoto namna ile na kwamba Padri lazima aambiwe. Baba mdogo akasema, "Asante, mzee wangu." Hakutaja kamera. Mzee akaenda zake akiimba. Jumapili iliyofuata Padri alitusifu mbele ya waumini wote, tukasimamishwa, watu wakatupigia makofi, nami natamani ardhi ipasuke.

Baba mdogo hakuniuliza kwa nini sikuwa njiani. Tukishuka kwenda kwa bibi aliniwekea mkono begani ili nimwongoze, na akanionya nitazame mawe. Angenichapa ingekuwa afadhali.

Bahasha ilirudi na basi la Songea baada ya mwezi. Nilikuwa studio, na mama mdogo, mkewe, alikuwa ametoka kwenda sokoni. Baba mdogo akazipapasa picha, akaitoa ya mwisho, akaisogeza mlangoni kwenye jua, akaileta karibu na pua, akaiondoa. Kisha akanipa, akasema nimweleze.

Niliiangalia. Mzee Kasiani alikuwa amejaa pale katikati, kila kifungo cha koti lake kinaonekana, uso wake umeangazwa kutoka chini, macho yamefumbwa. Chemli ilikuwa donge jeupe lililokula kona yote ya chini. Kwa nyuma, pembeni pembeni, palikuwa na ziwa kidogo na nyuzi za taa zilizosokotana kama pamba ya mdarizi mvivu. Ilikuwa picha ya uzembe wangu, na mtu aliyeniamini alikuwa amesimama mbele yangu akingoja.

Basi nikamweleza nyingine. Nilimwambia ziwa limetoka lote, shwari, rangi ya chuma kilichosafishwa. Nilimwambia taa ni ishirini na mbili, na kila moja ina njia yake, zinatoka pamoja pale mchangani halafu zinaachana, na moja imekwenda mbali peke yake mpaka karibu na ng'ambo. Nilimwambia nyota zimejivuta kidogo, si sana. Nilisema mpaka mate yakanikauka.

"Na hapa mbele?" akauliza.

"Hapa mbele hakuna kitu, bamdogo. Majani tu."

Akashukuru. Akaagiza picha ikuzwe, itiwe fremu na kioo, akaitundika ukutani mkabala na mlango. Macho yake yalipofunga kabisa, mama mdogo ndiye aliyeshika kamera na kupiga pasipoti na harusi, yeye akikaa kwenye kiti akipiga soga na wateja. Kila aliyeingia alielezwa: hiyo ni Nyasa kutoka kilimani kwetu, usiku, ziwa tupu, taa ishirini na mbili. Mteja anainua macho, anamwona katekista na chemli yake. Ananiangalia mimi. Kisha anasema, hongera Otmari, kazi nzuri. Hakuna aliyemwambia. Mji mzima wa Mbinga ulinisaidia kudanganya, kwa adabu tu.

Hata Mzee Kasiani alikuja, akitafuta picha ya kitambulisho. Alielezwa kama wote. Alijitazama pale ukutani kwa muda mrefu, na nikaona anahesabu ilikuwa lini na ilikuwa wapi. Akavua kofia. "Kweli," akasema, "ziwa tupu." Alipotoka aliniita kando, akaniuliza usiku ule tulikuwa tunafanya nini hasa. Nilimweleza yote mpaka kiazi. Akasema basi kosa hilo ni letu wawili, akaondoka bila kuimba.

Niliungama. Padri akanipa malipizi yasiyofanana na ya siku zote: niende nikamwambie ukweli. Sikwenda. Nilikomunika Jumapili iliyofuata na dhambi yangu rohoni, nikingoja mbingu zinishukie, na ile iliyofuata, mpaka nikazoea. Wengine miongoni mwenu mtacheka, lakini mtoto wa miaka kumi na moja akiamini ameiba jicho la mtu, kitu hicho hukua naye. Nimesoma, nimefundisha shule, nimeolewa, nimezaa, na kila nikifika Mbinga nilikaa kwenye kiti kinachoipa picha ile kisogo.

Mwaka huu mwezi wa sita nilikwenda na binti yangu Winfrida. Anasoma chuo, na kama wenzake wote anapiga picha ya chakula kabla ya kusali. Tulipitia Kingerikiti kwanza, nikampandisha kilimani jioni. Wavuvi siku hizi wana taa za betri, nyeupe, nyingi kuliko zetu. Akanyoosha simu, akahesabu mpaka tatu, akanionyesha. Nyota, ziwa, taa, vyote vimo, safi, sekunde tatu. Alishaituma kwa watu kabla hatujageuka. Sikujua nicheke au nihuzunike. Nilimwambia ni nzuri, na ni kweli ilikuwa nzuri.

Kesho yake tulikuwa Mbinga, kwa baba mdogo. Studio ilishakuwa duka la vocha na makava ya simu, na yeye ni mzee mweupe kichwa kizima, anaishi na binti yake. Picha iko sebuleni. Winfrida akamwamkia, akazunguka akitazama kuta kama vijana wanavyofanya, akasimama pale. "Babu, huyu mzee mwenye taa ni nani?"

Chai ilinimwagikia mapajani. Miaka zaidi ya arobaini, mji mzima umenyamaza, na mwanangu mwenyewe ndiye anayesema.

"Ni Mzee Kasiani huyo," baba mdogo akajibu bila kugeuka. "Alikuwa katekista wetu. Alitusalisha Rozari nzima na Litania."

Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti mbele yake, mtu mzima mimi. Nilimwambia kila kitu: njia, baridi, kiazi, koti. Nilimwomba anisamehe. Nililia, sioni aibu kuandika. Aliniacha nimalize, kisha akacheka kidogo. Alisema sauti ya mzee ilitokea mbele ya lensi, angekosaje kujua? Alisema angeweza kuachia waya mwishoni mwa tendo la tatu, lakini alishaona picha imekwenda, basi akaona bora asali, na kidole akakisahau.

"Sasa kwa nini uliniuliza, bamdogo? Kwa nini uliitundika?"

Akafikiri. "Nilitaka nikusikie ukisema mzee ameharibu, nikusamehe, yaishe. Ukanipa ziwa. Hiyo ya ukutani, mama, ni yenu ninyi wenye macho, niliwawekea muitazame. Mimi nina ile uliyonieleza. Sijawahi kuwa na nyingine."

Winfrida alikuwa amekaa chini, simu imelala kwenye zulia. Nikawaza hiyo picha yake ya sekunde tatu, iliyokwishaonwa na mamia ya watu na ambayo hakuna atakayehitaji kusimuliwa. Enzi zetu picha ilikuja kwa shida, tukaisubiri, tukaibebea bahasha, na mtu alimpa mwenzake macho yake yafanye kazi mara mbili. Leo kila mtu anajionea mwenyewe, haraka, na anapita. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba nilitamani binti yangu apate siku moja mtu wa kumwambia, nieleze.

Na nikagundua kwamba ile picha ya baba mdogo mimi sijawahi kuiona. Niliitunga nikiwa na hofu, nikaisahau kesho yake. Nikamuuliza ikoje sasa, baada ya miaka yote hiyo.

Akakaa vizuri, akaelekeza uso dirishani, akaanza kwa sauti ya chini. Taa si ishirini na mbili tena, alisema, zimefika hamsini na kitu. Ile iliyokwenda peke yake imeshavuka, na huko ng'ambo kuna watu wanaingoja. Pale chini kuna mbuzi wake wawili, amewaruhusu walale. Vitu hivyo mimi sikumwambia kamwe. Nikafumba macho ili nami niione.